Kushoto Kweupe

Mama yangu alinisaliti siku ya Jumatatu, mchana, mbele ya wenzangu wote wa kijiwe cha teksi. Nilikuwa nimeegemea boneti ya gari langu nikiwaeleza kwa nini gari lisilo na dereva haliwezi kudumu katika mji huu. Nilikuwa nimefika pazuri, nimeshataja mashimo, mbwa na watoto wanaofukuza mipira, na wenzangu wanaitikia kwa vichwa. Ndipo gari lenyewe likapita mbele yetu taratibu, jeupe pe, kidude kinazunguka juu ya paa, kiti cha dereva kitupu, usukani unajigeuza wenyewe. Kwenye kiti cha nyuma, mgongo umenyooka na mkoba mapajani, alikuwa amekaa Mama.

Hakunipungia mkono. Macho yake hayafiki mbali siku hizi, na hata angeniona alikuwa na shughuli yake. Alikuwa analigombeza gari.

Kijiwe kizima kililifuata kwa macho. Kisha Mwenyekiti wetu, mtu mzima anayependa utani kuliko abiria, akaniuliza kama yule si mama yangu mzazi. Nikamwambia wanafanana tu. Kicheko kilichofuata kilifika mpaka kwa kinyozi ng'ambo ya barabara, naye akatoka nje na mashine yake mkononi kuuliza kulikoni, akamwacha mteja na kichwa nusu.

Ili mwielewe hasira yangu, lazima niwaeleze kuhusu Mama. Kabla macho hayajamchoka alikuwa dereva wa basi la mjini, na mtaani kwetu hadi leo watu wanamwita Dereva, wakubwa kwa wadogo. Baba alikuwa kondakta wake. Walikutana ndani ya basi hilo, wakachumbiana ndani ya basi hilo, na nadhani hata mimi ningezaliwa humo kama zamu isingeisha mapema. Basi lenyewe lilikuwa refu, na kioo chake cha kushoto kilitikisika hata kikawa hakionyeshi kitu, kwa hiyo walijitengenezea utaratibu wao. Kila walipofika njia panda Mama aliuliza bila kugeuza shingo, "Kushoto?" Baba, akiwa mlangoni, alichungulia nje na kujibu, "Kweupe." Hapo ndipo Mama alipokanyaga mafuta. Baba asipojibu, basi halitoki, abiria wapige kelele wasipige.

Walipostaafu, utaratibu huo wakahamia nao nyumbani. Mama akitoka jikoni na sufuria ya moto aliuliza kushoto, na Baba, nyuma ya gazeti lake, alijibu kweupe. Nimekua nikidhani ndivyo watu waliooana wanavyozungumza.

Kisha Baba akapata kiharusi. Kilimlegeza upande mmoja wa mwili na kikamnyang'anya maneno. Anaelewa kila kitu, anacheka panapochekesha na kununa panapoudhi, lakini akifungua mdomo aseme, neno halitoki. Akalazwa katika kituo cha mazoezi ya viungo upande wa pili wa mji, ambako kuna dada mmoja mpole anayefundisha wagonjwa kusema upya. Dada huyo alituambia jambo ambalo Mama alilishika kama amri. Alisema Baba hujitahidi pale tu Mama anapokuwa chumbani. Siku ambazo Mama hayupo, hugeukia ukutani na hataki hata kujaribu, na asipojaribu sasa, huenda maneno yasirudi tena.

Kwa hiyo Mama alikuwa na kazi moja tu duniani, kufika kwa Baba kila mchana. Na kikwazo kilikuwa kimoja, hakuna dereva aliyeweza kumvumilia.

Simsingizii. Mama ni abiria mbaya kuliko wote niliowahi kubeba, nami nimebeba walevi na nimebeba mbuzi. Hukanyaga breki ambayo haipo mpaka zulia la gari linatoboka. Atakwambia upunguze mwendo, kisha atakuuliza kama unasubiri kualikwa. Ukibadilisha gia vibaya hufumba macho na kuvuta pumzi kama mtu anayedungwa sindano. Teksi zote za kijiwe chetu zilimjaribu na zote zilinyoosha mikono. Wenzangu walifika mahali ambapo wakimwona tu anatoka getini kwake, wote wanajifanya mafundi. Ghafla kila boneti iko juu na kila mtu kainamia injini. Mabasi nayo yangemlazimisha ashuke njiani na kuvuka barabara kuu, na kwa macho yale sikutaka hata kusikia.

Mimi mwanawe nilimpeleka kwa wiki kadhaa, na hatukumaliza hata safari moja kwa amani. Kila njia panda ananiuliza, "Kushoto?" nami namjibu kwamba nina macho mawili na kioo kizima. Siku moja katikati ya foleni nikamwambia kwamba mimi si Baba. Akafungua mlango, akashuka. Nikamfuata na gari mwendo wa konokono, nambembeleza kupitia dirishani, magari yote ya nyuma yananipigia honi, naye yuko mbele kwa miguu, mkoba begani, hageuki. Alipofika nyumbani akakata kauli kwamba gari langu hapandi tena.

Wiki hiyohiyo ndipo ile kampuni ikaleta magari yake ya majaribio. Dada mmoja mwenye fulana ya kijani alipita nyumba kwa nyumba akieleza kwamba gari litakuwa linasimama kwenye kona yetu, ukilihitaji unaliita kwa simu, na majaribio yakikaribia kwisha wakazi wenyewe watakutana waamue kama kituo hicho cha gari kibaki au kiondolewe.

Mtaa ukagawanyika papo hapo. Kinyozi alisema hawezi kukiamini chombo asichoweza kuongea nacho. Mwenye duka la dawa akasema yeye anawaogopa zaidi wenye macho, hasa wale wa teksi, na hili sikulisahau. Mwalimu mstaafu alitaka kujua likigonga mtu, nani atalala rumande. Mama wa mapacha alilipenda siku ya kwanza kwa sababu watoto wakilia halisonyi. Fundi cherehani aliapa halipandi ng'o, kisha akaonekana analitumia kwenda kununua vitambaa, amejikunja chini ya kiti ili asionekane. Sisi wa kijiweni tuliliita Yatima, kwa vile halina wa kuliongoza, na tukajipanga kulipinga mpaka liondoke.

Na sasa Mama yumo ndani yake.

Jioni ile nilimkuta jikoni akimenya viazi kwa kupapasa. Nikamuuliza kama anajua mwanawe anakula kwa kazi gani. Akasema anajua, maana udereva wenyewe alinifundisha yeye. Nikamuuliza sasa ile ilikuwa nini.

"Nililigombeza kuanzia hapa mpaka kwa baba yako," alisema. "Halikunijibu neno. Halikununa, halikuwasha redio ili lisinisikie. Wewe hilo uliliweza?"

"Kwa hiyo unalipenda."

"Nilipendee nini? Linaendesha kama mwanafunzi. Lakini linafika."

Tangu hapo likawa Mwanafunzi. Lawama yake kubwa ilikuwa moja, nayo aliirudia kila siku. Akifika njia panda na kuliuliza kushoto, Mwanafunzi haliitikii, na akiuliza sana humwambia tafadhali funga mkanda.

Nilikwenda kituoni kwa Baba siku moja nikajionea. Mama alikaa kando ya kitanda akimsimulia Baba makosa yote ya Mwanafunzi, moja baada ya jingine, jinsi lilivyopunguza mwendo kwa ajili ya mfuko wa plastiki, jinsi lilivyompisha kuku. Baba alicheka kwa nusu ya mdomo mpaka machozi yakamtoka. Kisha yule dada mpole akaja na picha zake, kijiko, kikombe, kiti, na Baba akakaa sawa mbele ya mkewe akaanza kuhangaika. Alikunja uso, akatoa jasho, midomo ikatafuta, na kilichotoka ni mlio tu, "k, k," kisha kimya. Lakini alijaribu tena, na tena, mkono wake mzima umeshika kidole cha Mama. Nilifurahi na kuudhika kwa mpigo, kwa sababu nilijua ni nani aliyemleta Mama pale.

Mtaani nako mambo hayakutulia. Sisi tuna tabia yetu, sijui tuliitoa wapi. Ukikuta gari limekusubiri kwenye kona, unalipisha kwa mkono, na dereva anainua kidole kimoja juu ya usukani kushukuru. Asiyeinua kidole atasemwa wiki nzima. Sasa Mwanafunzi halina kidole, na hili liliwauma watu kuliko suala lote la usalama.

Mchana mmoja nikiwa kijiweni, mwalimu mstaafu na fundi cherehani walikuwa wanataka kuvuka pale kona, wakaliona linakuja na Mama yumo. Kwa heshima ya Dereva, wakaamua kulipisha. Wakasimama, mguu mmoja barabarani, wakalipungia lipite. Nalo likaona watu wako barabarani, likasimama. Wakapunga kwa nguvu zaidi. Likatulia. Kinyozi akatoka kuwasaidia kupunga, mwenye duka la dawa akatoka kumwonyesha kinyozi namna ya kupunga vizuri, mama wa mapacha akaja na mapacha. Kila aliyekuja kulipisha alikanyaga barabara, na kila aliyekanyaga barabara alilizuia zaidi, mpaka nusu ya mtaa ikawa katikati ya njia, mikono hewani, inalisihi gari lipite. Sisi kijiweni hatukuwa na mbavu tena.

Mama akashusha kioo. "Ondokeni barabarani," akasema, "adabu zenu zinanichelewesha."

Wakatawanyika, gari likaondoka. Mwalimu mstaafu hakuwa ameridhika. Alisema kwa sauti kwamba limepishwa na watu wazima wote wale na halijashukuru hata kidogo. Lilikuwa limefika mbele kidogo, dirisha bado liko wazi. Ukatoka mkono wa Mama, umenyooka, ukainua kidole kimoja.

Tangu siku hiyo alifanya hivyo kila kona, kwa niaba ya gari. Na mimi niliyekuwa nawajua watu wangu niliona kwamba tumeanza kushindwa, maana wale waliokuwa wanaliita Yatima walianza kuuliza Mwanafunzi kapita saa ngapi.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa videvu. Kijiwe kilinichagua mimi kuwa msemaji. Nilisema vizuri, sina haja ya kujificha. Nilisema teksi ni watu, na watu wanakusaidia kubeba mzigo, wanasubiri uingie ndani uwashe taa, wanajua nani kafiwa na nani kaolewa. Nilisema siku gari hilo likikosea hakuna wa kumtazama usoni. Nilisema na sisi tuna watoto. Nilipigiwa makofi, na hata mwenye duka la dawa alipiga, kidogo.

Kisha Mama akasimama. Alishika ukingo wa dawati, akatazama mahali nilipokuwa, au karibu na hapo.

"Aliyesema ni mwanangu, na mengi aliyosema ni kweli," alisema. "Mimi naomba jambo moja. Dereva yeyote aliyemo humu ndani, anayekubali kunipeleka kwa mume wangu kila mchana, ainue mkono."

Ghafla kila dereva wa teksi akawa na shughuli. Mmoja alitazama dari. Mwingine alipata kikohozi. Mwenyekiti wetu aliinama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala. Mimi nikapiga moyo konde, nikainua mkono.

Mama hakuuona. Kinyozi akamwambia, "Dereva, mwanao ameinua."

"Mshusheni," alisema Mama. "Tunapendana, hatutaki kuuana."

Darasa zima likaangua kicheko, na yeye akasubiri kiishe. Kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo nilikuwa sijaisikia tangu Baba augue, "Mimi gari lile silipendi. Nalihitaji. Mzee wangu anatafuta maneno yake, na siku nisipofika, anaacha kutafuta."

Akakaa. Dada wa fulana ya kijani aliuliza wanaotaka kituo kibaki wainue mikono. Mikono ikapanda mmoja mmoja, ya mwalimu mstaafu, ya fundi cherehani, ya kinyozi, aliyetoa sharti kwamba kidole kiendelee kuinuliwa. Mimi nilikuwa nimepigwa na butwaa na mkono wangu ulikuwa bado uko juu tangu mwanzo. Wakauhesabu.

Kijiweni walininunia, kisha wakachoka kuninunia, kwa sababu kazi haikuwa imeisha. Waliopenda kuongea walikuja kwetu, waliopenda kugomba walikwenda kwa Mwanafunzi.

Baba aliruhusiwa kurudi nyumbani muda mfupi baadaye. Miguu ilikuwa imekubali, akitembea kwa fimbo, lakini maneno bado. Yule dada wa picha alituambia tusikate tamaa, tuendelee naye nyumbani. Nilikuwa nimeliosha gari langu mpaka matairi, nimetandika taulo jipya kwenye kiti, nimelisimamisha mlangoni kabisa pa kituo cha mazoezi. Baba akalitazama, akanipigapiga begani, kisha akainua fimbo yake na kuonyesha nyuma yangu. Mwanafunzi lilikuwa limesimama pale, Mama kaliita. Baba alikuwa amesikia habari zake kila mchana muda wote ule, akataka kulijua.

Ningefanya nini? Nikaliacha gari langu pale kituoni, nikapanda nao. Wao walikaa nyuma, Mama upande wa dereva na Baba kushoto. Mimi nilikaa mbele, kando ya kiti kitupu. Sikupenda. Usukani ulipojigeuza mara ya kwanza nilishtuka, na sikujua nimefanya nini mpaka Mama aliponiambia kutoka nyuma kwamba breki haipo upande huo, niache kulichosha zulia la watu.

Tukafika njia panda kubwa, ile ya barabara kuu. Gari likasimama, likasubiri. Mama, ambaye hakuwa anaona zaidi ya vivuli, akainua kidevu kama alivyozoea.

"Kushoto?" akauliza.

Nilishika mkanda wangu, nikijua kitakachofuata ni ile sauti ya tafadhali funga mkanda. Lakini nyuma yangu nilisikia kiti kikilia. Baba alikuwa anageuka. Alisogeza uso dirishani, akatazama barabara upande mmoja mpaka mwisho wake, bila haraka, kama mtu aliye kazini.

"Kweupe," alisema.

Neno zima, la duara, kwa sauti ileile ya mlangoni mwa basi. Na gari likatoka. Najua lilitoka kwa hesabu zake lenyewe, msinieleze.

Mkono wa Mama ulikuwa unapapasa kwenye kiti mpaka ukapata wa Baba. Kisha, mahali ambapo hapakuwa na njia panda wala kichochoro, akauliza tena, "Kushoto?"

"Kweupe," alijibu Baba, na akaanza kucheka, na yeye mwenyewe alionekana kushangaa kwamba neno bado lipo.

Waliendelea hivyo njia nzima. Tulipita mbele ya benki, kushoto, kweupe. Tulipita mbele ya gereji, kushoto, kweupe. Mimi nilikuwa nalia mbele pale waziwazi, makamasi na yote, na hakukuwa na dereva wa kumwonea aibu.

Hivyo ndivyo tulivyopita kijiweni. Wenzangu walikuwa wamekaa kwenye boneti zao kama kawaida, na niliona vichwa vikigeuka kimoja baada ya kingine. Pale kona kinyozi alitupisha kwa mkono. Nikashusha kioo na kuinua kidole.

Kesho yake, nilipofika kazini, Mwenyekiti alikuwa akinisubiri mbele ya watu wote. Akaniuliza yule aliyepita jana ndani ya gari lisilo na dereva, analia, kama si mimi.

Nikamwambia ni mimi.